Mara ya Kwanza Jericoacoara: Mwongozo kwa Mtu wa Pwani

Kila anayesikia kwamba nimefika Jericoacoara huniuliza mambo yale yale. Visa inapatikanaje? Huko kuna M-Pesa? Chakula chao kina nguruwe? Na lile la mwisho, ambalo huja na kicheko: kwani bahari si ile ile? Nimechoka kurekodi sauti za dakika saba saba kwenye WhatsApp, kwa hiyo nimekaa nikaandika.

Jericoacoara ni kijiji kilichokuwa cha wavuvi, jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, kilomita 300 hivi magharibi ya jiji la Fortaleza. Wenyewe hukiita Jeri tu. Mitaa yake yote ni mchanga, hakuna hata kipande cha lami. Umeme uliingia mwaka 1998, nyaya zikafukiwa chini, na taa za barabarani hazikuwekwa kwa makusudi. Tangu 2002 kijiji kimezungukwa na hifadhi ya taifa, ndiyo maana hakijamezwa na maghorofa.

Bahari yenyewe haitakusumbua. Maji kupwa na maji kujaa unayajua tangu utoto, jua la ikweta umelizoea, madafu umekunywa. Watu wa nchi za baridi ndio wanaohitaji kuelezwa hayo. Wewe utasumbuliwa na sanduku lako, pesa zako na ulimi wako.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Pasipoti yenye muda wa kutosha, na jibu la visa kutoka ubalozini. Brazil ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Masharti hutegemea pasipoti unayoshika, kwa hiyo usimsikilize binamu yako aliyekwenda na pasipoti ya Uingereza.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hiki wengi hukidharau, kisha hukitafuta wakati wa kurudi: Tanzania na Kenya hukidai kwa mtu anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na Brazil imo. Chanja angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kile kitabu cha njano kimeandikwa miaka kumi.
- Begi la mgongoni. Nitarudi kwenye hili.
- Kadi mbili za benki za mitandao tofauti, kila moja mahali pake.
- Tochi ndogo, kofia inayofungwa kidevuni, miwani ya jua na kandambili imara.
- Plagi nyembamba ya pini mbili za duara, ile ya chaja za Ulaya. Plagi yetu ya pini tatu nene haiingii. Umeme wa Ceará ni volti 220, kwa hiyo chaja yako haitaungua.
- Laini ya intaneti uliyoinunua mtandaoni kabla ya kuondoka. Laini za kule mara nyingi husajiliwa kwa CPF, namba ya mlipakodi ya Brazil, na wewe huna.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Upepo huvuma kwa nguvu kuanzia Julai hadi Desemba. Mvua ni za mwanzo wa mwaka, nzito zaidi kuanzia Februari hadi Mei. Mabwawa ya maji matamu yaliyo karibu na kijiji hujazwa na mvua hizo, kwa hiyo huwa mazuri mvua zikishaisha, na kufikia mwisho wa mwaka mengine yamekauka.

Kama hurushi tiara za kuteleza majini, nenda Julai mwishoni au Agosti. Maji yapo, mvua hakuna. Kimbia wiki ya Krismasi na mwaka mpya, pamoja na siku za karnivali, maana bei za vyumba hupanda kama nauli za sikukuu kwetu.

Kosa la kawaida: kwenda Novemba ukitegemea kulala kwenye bembea ndani ya bwawa kama kwenye picha, kisha ukakuta bembea zinaning'inia juu ya tope.

Hatua ya 2: Kata tiketi, na acha siku moja Fortaleza

Njia rahisi kwa wengi wetu ni kupitia Addis Ababa hadi São Paulo, halafu ndege ya ndani ya saa tatu na nusu hivi hadi Fortaleza. Wengine hupitia Johannesburg au Luanda. Kijiji kina uwanja wake wa ndege tangu 2017, upo Cruz, lakini safari za kwenda huko ni chache na tiketi ni ghali.

Sikiliza hapa. Hata kama tiketi yako ni moja mpaka Fortaleza, ukifika São Paulo chukua begi lako, pitia forodha, kisha ulikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Wengi huliacha likizunguka kwenye mkanda huku wenyewe wamekwenda kunywa kahawa. Acha angalau saa tatu kati ya ndege na ndege.

Kuhusu saa kuna jambo lililonifurahisha. Ceará iko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Kwa hiyo simu ikiandika saba asubuhi ya Kizungu, Dar, Nairobi au Kampala ni saa saba mchana kwa Kiswahili. Ikiandika kumi, nyumbani ni saa kumi jioni. Usipige hesabu. Isome ile namba kwa Kiswahili tu, umepata saa ya kwa mama.

Lala usiku mmoja Fortaleza. Ukibaki na nguvu, tembea hadi kituo cha utamaduni cha Dragão do Mar. Jina hilo, yaani joka la bahari, lilikuwa la utani la Francisco José do Nascimento, baharia wa jangada, chombo cha magogo chenye tanga la pembetatu ambacho mtu wa ngalawa atakitambua mara moja. Mwaka 1881 yeye na mabaharia wenzake waligoma kuvusha watumwa kuwapeleka melini. Ceará ikafuta utumwa mwaka 1884, miaka minne kabla ya Brazil nzima. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Fortaleza ni jiji kubwa, na simu hunyakuliwa mkononi kama Kariakoo au River Road. Usiitoe barabarani. Ita gari kwa programu ukiwa bado ndani.

Hatua ya 3: Panga pesa zako

Sarafu ni real, wingi wake reais, huandikwa R$. Sasa tazama bango la bei: R$ 25,00. Hiyo ni reais ishirini na tano. Kule mkato hutenganisha senti na nukta hutenganisha maelfu, kinyume na sisi. Nilimwona mwenzetu akiruka kiti kwa kusoma R$ 80,00 kuwa elfu nane.

M-Pesa yao inaitwa Pix. Ni mfumo wa Benki Kuu ya Brazil, ulianza Novemba 2020, na leo muuza madafu, mwenye gari la mchangani na msusi wa ufukweni wote wanautumia. Tatizo ni kwamba Pix inataka akaunti ya benki ya kule, na akaunti inataka CPF. Kwa hiyo utasikia neno Pix mara ishirini kwa siku na kila mara utajibu: *cartão*, kadi. Usione haya, karibu kila mmoja ana kimashine cha kadi.

Kimashine kitauliza vitu viwili. Cha kwanza: *crédito* au *débito*? Anza na crédito, kadi za nje hukubali huko zaidi hata kama yako ni ya akiba. Cha pili, pengine: ulipe kwa reais au kwa sarafu ya kwenu? Chagua reais daima, la sivyo utakatwa kwa kiwango cha kubadilisha cha kukukomoa.

Pesa taslimu toa Fortaleza, noti ndogo ndogo. Usitegemee ATM kijijini. Shilingi zetu hazibadilishwi popote, ziache nyumbani.

Hatua ya 4: Jifunze maneno ishirini

Kiingereza utakisikia hotelini, nje ya hapo ni bahati. Na kama wewe ni mweusi, watakuona Mbrazili mwenzao na watakumiminia Kireno bila huruma. Mzee mmoja aliniuliza mimi ni wa jimbo la Bahia, mtaa gani.

Lakini una mtaji ambao huujui. Wareno walikaa pwani yetu wakatuachia maneno, na maneno hayo bado yanafanya kazi kule: *mesa* ni meza, *copo* ni kopo lakini kwao ni bilauri, *bandeira* ni bendera, *vinho* ni mvinyo, *parafuso* ni parafujo, *lenço* ni leso. Siku ya pili mto wangu haukuwa na foronya. Nilikwenda mapokezi, nikaonyesha kichwa, nikasema "foronya". Dada akaitikia "*ah, fronha!*" akaenda kuileta. Ila angalia, *igreja* ni kanisa, si gereza.

Ongeza haya: *bom dia* asubuhi, *boa tarde* mchana, *boa noite* usiku. Asante ni *obrigado* ukiwa mwanamume, *obrigada* ukiwa mwanamke. *Quanto custa?* ni bei gani. *A conta, por favor* ni kuomba bili. Salimia kwanza ndipo uulize, kama kwetu. WhatsApp huiita *zap*, na vyumba vingi huagizwa humo.

Hatua ya 5: Fika kijijini

Basi hutoka Fortaleza hadi Jijoca, mji mdogo ambako lami inaishia. Safari nzima, pamoja na kipande cha mchangani, ni saa sita hadi saba. Ukiwa na pesa zaidi au mko watu wanne, kodini gari la magurudumu manne yanayovuta yote, litawachukua mlangoni na kufika mapema.

Pale Jijoca unashuka na kupanda *jardineira*. Picha ya kichwani: lori lililokatwa ubavuni, mabenchi ndani, madirisha hayana vioo, matairi yamepunguzwa upepo ili yasizame. Mabegi juu, watu chini. Kwa muda wa saa moja hivi gari linayumba kati ya vilima vya mchanga kama jahazi kwenye mkondo, na kila mtu anashika bomba la mbele yake. Keti upande usiopigwa na upepo, vumbi litampata mwenzio. Simu iwe ndani.

Kabla ya kuingia lipa tozo ya utalii ya halmashauri. Ilipe mtandaoni ukiwa Fortaleza, piga picha ya skrini ya msimbo, uuonyeshe getini. Kulipia pale pale inawezekana, ila utapanga foleni.

Sasa lile begi. Jardineira likisimama, chumba chako huenda kiko mitaa minne kutoka hapo, na mitaa hiyo ni mchanga wa kuzama vifundoni. Mimi nilikwenda na sanduku la magurudumu. Gurudumu la kwanza lilikatika mbele ya duka la dawa, la pili sijui liliachia wapi, nikalibeba kichwani kama gunia la nazi huku watalii wakinipiga picha wakidhani ni utamaduni.

Hatua ya 6: Tumia jioni ya kwanza vizuri

Usilale. Oga, toka. Kwetu, Mombasa, Dar, Kilwa, jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu. Jeri imekaa pembeni kidogo, ufuko umegeukia magharibi, kwa hiyo jua linazama majini, jambo adimu hata kwa pwani ya Brazil yenyewe. Kwa mtu aliyezaliwa akiliona jua likitoka upande huo wa maji, kuliona linaingia kunachanganya akili kidogo.

Watu walikuwa wakipanda kilima kiitwacho Duna do Pôr do Sol. Upepo umekisukuma kilima hicho baharini miaka yote hii na kimepungua mno, kwa hiyo usishangae kukikuta kidogo kuliko kwenye picha, au kimekwisha kabisa. Fika saa kumi na moja jioni ya kule, kwa kuhesabu Kiswahili, jua huzama kabla ya kumi na mbili. Likimaliza, umati hupiga makofi. Kisha mara nyingi vijana huunda duara la capoeira, mchezo wa kupigana kwa kucheza ngoma, mchangani, na ukisikia ile ngoma na uitikiaji hutahitaji kuambiwa mchezo ulitoka bara gani.

Giza huingia ghafla. Hapo ndipo tochi yako inapolipa nauli yake.

Hatua ya 7: Kula

Chakula cha bei nafuu ni *prato feito*, sahani iliyokwisha pangwa: wali, maharage, saladi, na samaki au nyama. Kuna pia mahali pa kujipakulia, sahani ikapimwa kwenye mizani. Asilimia 10 ya huduma huongezwa kwenye bili mezani, ni hiari ingawa karibu kila mtu hulipa.

Tafuta *baião de dois*, wali uliopikwa pamoja na kunde na jibini. Tafuta *tapioca*, chapati nyeupe ya wanga wa muhogo inayojazwa nazi au jibini. Muhogo na mkorosho ni mimea ya huko, Wareno ndio walioileta kwetu. Ila sisi tumekazania korosho na kusahau bibo. Wao hulikamua wakanywa juisi yake kila siku.

Kwa Waislamu, makini. Maharage mara nyingi hutiwa mafuta au vipande vya nguruwe kwa ajili ya ladha, na baião vilevile. Mpishi haoni kama ameweka nyama. Usiulize "kuna nguruwe?" pekee, sema *sem porco, sem bacon, sem toucinho*, yaani bila nguruwe wa aina yoyote. Samaki wa kuchoma na jibini la mshikaki ufukweni ni salama. Na kibla: tumezoea kuelekea kaskazini. Kule ni mashariki, ukigeukia kidogo kaskazini.

Maji ya bomba usinywe.

Hatua ya 8: Tembea, lakini uliza maji kwanza

Pedra Furada, mwamba wenye tundu, ndiyo picha ya kila mtu. Kwa njia ya ufukweni unafika maji yakiwa yamekupwa tu. Yakijaa, unapita juu ya kilima, na huko hakuna kivuli hata cha kuku. Julai jua linalozama hupita katikati ya tundu, na foleni ya wapiga picha huwa ndefu.

Magari madogo ya wazi, *buggy*, hukodiwa kwa safari za siku nzima. Upande wa mashariki ni kijiji cha Preá, mti ulioinamishwa na upepo uitwao mti wa uvivu, na Lagoa do Paraíso yenye bembea majini. Upande wa magharibi ni mikoko ya Guriú na Tatajuba, kijiji ambacho mchanga ulikifukia wenyeji wakahama. Bei ni ya gari, si ya kichwa, na gari huchukua abiria wanne, kwa hiyo tafuta wenzako hotelini jioni kabla. Ukipata nafasi ya safari moja, nenda magharibi. Mashariki kuna foleni ya kupiga picha hata kwenye bembea.

Preá usipite kati ya tiara na mwenye kuirusha. Zile kamba hukata.

Mambo yakiharibika

*Kadi zote zinakataa.* Fungua programu ya benki, mara nyingi wameifunga kwa sababu ya nchi ngeni. Wakati unasubiri, mwenye chumba akuandikie deni. Ndiyo maana umekwenda na noti.

*Choo kimeziba.* Umetupa karatasi ndani. Kile kikapu kando hakikuwekwa kwa pambo.

*Maji ya kuoga ni baridi.* Tazama kichwa cha bomba la mvua, ni kile cha umeme, ndugu wa Lorenzetti zilizojaa Nairobi, ambazo nazo zimetoka Brazil. Punguza maji ili yapate moto. Usiguse kichwa hicho ukiwa umelowa.

*Umeumia au unaugua.* Ambulansi ni 192, polisi 190, zimamoto 193. Hospitali za umma hutibu dharura bila malipo hata kwa mgeni.

*Kidole cha mguu kinawasha, kuna kidoa cheusi.* Ni funza, wao humwita *bicho-de-pé*. Usishangae, huyu ni mwenyeji wa kule: alivushwa na meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ya 19 kuisha alikuwa amefika pwani yetu. Mtoe kwa sindano iliyochomwa moto, paka dawa, vaa kandambili.

*Umekosa jardineira la asubuhi.* Uliza mapokezi gari la kushiriki kwenda Jijoca, huwa yapo, bei ni juu. Ila ndege yako ya Fortaleza isiwe siku hiyo hiyo. Rudi jijini jana yake, na begi lifungwe usiku, mchanga ukiwa umekung'utwa, maana bila taa za nje hutaona ulichosahau chini ya kitanda.